Mkono Nje ya Dirisha

Mume wangu hakuwa amewahi kukaa upande wa kushoto wa lori lake mpaka siku mimi nilipomweka huko. Upande ule ulikuwa wa taniboi, yaani msaidizi wake, au wa mtu aliyeomba lifti, au wa kuku tulioletewa kutoka kwao Bumula wakati wa Krismasi. Yeye alikuwa mtu wa usukani. Hata lori likiwa limezimwa nyuma ya jikoni, akitaka kupumzika alipanda upande wake wa kulia, akateremsha kioo na kusikiliza redio hukohuko. Chai nilimpelekea dirishani, na nikikasirika nilimwambia ahamishe na godoro kabisa.

Kisha kiharusi kikampata asubuhi moja akifunga viatu. Mguu wa kulia, mkono wa kulia na maneno vyote viliondoka pamoja. Mguu ulirudi kidogo kwa mazoezi ya hospitali, akaweza kutembea na mkongojo. Mkono ulibaki ukining'inia. Maneno hayakurudi. Daktari alituambia anasikia na anaelewa kila kitu, ila kutoa ndiyo shida. Alichobaki nacho kilikuwa "eeh" moja tu, na kichwa kilichoitikia chenyewe. Ukimuuliza kama anataka chai, eeh. Ukimuuliza kama hataki chai, eeh. Kwa hiyo kila aliyekuja kumwona alijichagulia jibu alilotaka, akaenda nalo nyumbani.

Akina mama wa kanisa walileta unga, sukari na maombi, nawashukuru. Taniboi alivumilia muda, kisha akapata lori lingine, na sikumlaumu maana naye ana watoto. Lori likabaki nyuma ya jikoni. Kuku wakaanza kulala chini yake.

Ndipo shemeji akaja, mdogo wa mume wangu, kutoka Bumula. Naomba asomaye asimchukie. Siku ile ya kiharusi alikuwa ametutembelea, na ni yeye aliyembeba kaka yake mgongoni kutoka getini mpaka ndani ya hospitali, na yeye si mtu mkubwa wa mwili. Alilizunguka lori, akapiga gurudumu teke, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hii rori inaoza hapa," akasema. "Tuuze, bana, mzee apate matibabu ya maana." Akamgeukia kaka yake. "Si tuuze?"

"Eeh," mume wangu akasema, na kichwa kikaitikia.

"Umeona? Amekubari."

"Sasa muulize kama tusiuze," nikamwambia.

Shemeji akasita, lakini ni mtu wa haki, akauliza. "Ama tusiuze, kaka?"

"Eeh."

Shemeji aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajifuta uso. "Sasa tutajuaje?" akauliza.

Mimi nilidhani namjua mume wangu. Nilidhani ukiliuza lile lori umemuuza naye. Lakini kudhani si kujua, na mtu aliyelala na wewe miaka yote bado anaweza kuwa na jambo moyoni usilolijua. Shemeji akasema kuna mtu Kamukuywa, mwenye malori yake ya ndizi, anatafuta gari kama lile. Atamleta mahindi yakimaliza kuvunwa. "Kama nitakuta bado imesimama hapa, tunauza. Hiyo ni sawa?"

"Hutaikuta imesimama."

"Nani ataendesha?"

"Mimi."

Shemeji alicheka mpaka akashika ubavu. Mdomo wangu hauna breki, na hapo nilikuwa nimeshauachia kwenye mteremko.

Mimi ni fundi wa nguo. Nimeshona sare za shule pale Kitale mpaka nikakinai rangi ya maruni. Leseni ya gari dogo nilikuwa nayo, kwa sababu zamani mume wangu aliniahidi gari la kwenda kanisani. Gari halikuja, na leseni ikakaa kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo. Jumla ya safari zangu ilikuwa gari la jirani, kwenda kanisani na kurudi, jirani akiwa kando yangu anakemea shetani.

Nikarudi shule ya udereva kutafuta leseni ya lori. Nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu. Pale wana ubao mkubwa uliochorwa mji, na unasukuma kigari cha kuchezea ukieleza unaingia wapi na unampisha nani. Kwenye ubao nilikuwa dereva hodari. Hakuna kondoo kwenye ubao, hakuna bodaboda iliyobeba kitanda, hakuna mahindi yaliyoanikwa nusu ya barabara. Lori la shule lenyewe lilikuwa tupu na jepesi, na nilipita mtihani nikitetemeka kama wengine wote waliopita.

Siku ya kulitoa lori letu, mume wangu alivaa koti lake la safari. Sikumwambia avae. Alitembea na mkongojo mpaka mlango wa kulia, akasimama hapo akinisubiri nifungue.

"Mzee wangu," nikamwambia, "leo ni ule upande mwingine."

"Eeh," akasema. Hakusogea.

Sitasahau kile kitambo. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ua wakijifanya wanaanua nguo. Nilimshika kiuno, nikamzungusha mbele ya lori polepole, nikaweka bega chini ya paja lake nikamsukuma juu. Alipokaa alitazama mbele tu, taya limekaza. Nilifunga mlango, nikaenda nyuma ya lori nikalia kidogo, nikafuta macho kwa leso, nikajikaza kisabuni na kupanda usukani wake.

Lilizimika getini. Likazimika tena kabla ya lami. Mguu wangu ulizoea pedeli ya cherehani, ile ya kwenda mbele na nyuma bila kuuliza, na klachi ya lori haitaki mazoea ya namna hiyo. Vijana wa bodaboda pale njiapanda walinijua wote, maana suruali zao za shule nilizishona mimi.

"Niaje, mathe! Hiyo si cherehani, bana! Usiikanyage hivyo!"

"Wewe nyamaza, nilikupunguzia suruali mara ngapi?" nikamjibu dirishani, na lori likazimika tena. Wakasukuma. Walicheka, lakini walisukuma.

Mzigo wa kwanza alinipa mama mmoja mnunuzi wa mahindi tunayesali naye. Magunia ya kupeleka Bungoma. Nilitakiwa kuingiza lori kinyumenyume kwenye stoo yake, nyuma ya soko, kwenye kichochoro chenye tuktuk, mikokoteni na watu wasio na haraka ya kupisha. Mara tu nilipotia gia ya kurudi nyuma, kila mwanaume aliyekuwa karibu alipata shahada ya udereva.

"Kata kulia! Kulia yako!"

"Hapana, mama, kata kushoto, rudi!"

"Rudi, rudi, iko nafasi!"

Niliwasikia wote, na kumsikia kila mtu ni sawa na kutosikia. Kioo kilinionyesha anga. Jasho liliniingia machoni. Nikarudi.

Ndipo mlango wa kushoto ukalia kofi moja kubwa. *Pa!* Mguu wangu ulikanyaga breki kabla mimi mwenyewe sijajua. Nilishuka kutazama. Kona ya nyuma ya lori ilikuwa karibu kugusa tuktuk, na ndani yake mama mmoja ameketi, mtoto mgongoni, ananyonya muwa bila habari yoyote.

Niliporudi mbele nilimtazama mume wangu. Hakunitazama. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umetoka nje ya dirisha, kiganja kimelala kwenye bati la mlango.

Wenye malori hawahitaji kuelezwa. Wengine niwaeleze. Injini ikiunguruma dereva hasikii vizuri sauti ya mtu aliye nyuma, basi taniboi hupiga bodi kwa kiganja. Kofi moja, simama. Makofi mawili, nenda. Kugonga kidogokidogo kwa vidole, njoo polepole, bado ipo nafasi. Shule ya udereva hawakunifundisha hayo, na hakukuwa na haja. Jikoni kwangu niliyasikia miaka yote, kila mume wangu alipoingiza lori nyuma ya nyumba na taniboi akimwongoza. Kwa makofi yale nilijua hata wakati wa kuteremsha ugali.

Nilikaa, nikatia gia. Vidole vyake vikaanza kugonga bati, taratibu, taratibu. Nilifunga masikio kwa vichochoro vyote vya Kitale nikasikiliza mkono mmoja. Lori likaingia stoo, na *pa!*, nikasimama. Wale wanaume wakapongezana. Mimi nilikuwa nimeshika usukani nikicheka na kulia, maana tangu kile kiharusi, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kutoka kwake ambalo si eeh.

Jioni hiyo nyumbani nilimjaribu mezani. Niliweka sinia mbele yake. "Piga moja kama hutaki chumvi, mbili kama unataka." Alinitazama kana kwamba ni mimi niliyepata kiharusi. Kiti, dirisha, ubao wa kitanda, hakupiga. Ni bati la lori tu.

Basi ningeweza kumpandisha kwenye lori nimuulize lile swali. Tuuze, tusiuze, piga tujue. Sikumuuliza. Niseme wazi kwamba niliogopa. Kila asubuhi nilipomzungusha mbele ya lori taya lake lilikuwa limekaza vilevile, na nilijiuliza kama simtesi mtu, kumkalisha kila siku aone mwanamke anakwaruza gia zake. Huenda alitaka liondoke asilione tena. Nilipendelea kutojua.

Tukafanya kazi. Mahindi kutoka Kitale kwenda Bungoma, kurudi na viazi vitamu au matofali, au bila kitu. Nilijifunza kushuka Kamukuywa kwa gia ndogo tangu juu, kwa sababu lori lenye mzigo halikusikilizi likishaanza kukimbilia darajani. Nilijifunza kupiga kona mapema, kutoshindana na mabasi, kunywa chai kidogo kwa sababu vyoo vya njiani ni vya kuombea. Yeye aligonga bati, mimi nikafanya. Siku nyingine tulikwenda mpaka Bungoma bila kofi hata moja, nami nikaringa kimoyomoyo.

Kuringa huko ndiko kulikonifikisha kwenye mahindi ya watu. Ilikuwa mbele kidogo ya Kamukuywa, msimu umekolea, na kando zote za barabara watu wameanika mahindi kwenye maturubai, wameweka mawe kuzunguka ili magari yasisogee. Basi lilikuwa linakuja kwa fujo zake. Niliona nafasi. Mume wangu akapiga moja. Mimi nikajiambia nafasi ipo, simjui yule dereva wa basi, lakini najua upana wa lori langu sasa. Sikusimama. Gurudumu la kushoto lilipanda jiwe, likalala juu ya turubai, na nikasikia mahindi yakipasuka.

Mwenyewe alikuwa nyanya mmoja mwenye leso kiunoni na reki mkononi. "Wewe mama! Wewe! Barabala yote hii hukuiona? Ni mahindi yangu ulitaka?"

Nilishuka nikapiga magoti kwenye turubai, nikaanza kutenga mazima na yaliyopasuka. Nyanya akawa anasema, nami namwitikia, pole nyanya, pole sana nyanya. Kisha akanyamaza ghafla. Nilipoinua kichwa, mume wangu alikuwa ameshuka peke yake, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu augue, amekuja na mkongojo mpaka pale, anajishusha chini kwa shida. Aliweka mkongojo kando, akaanza kuokota punje zilizorukia kwenye vumbi, kwa mkono wa kushoto, moja moja.

"Wacha, mzee," nyanya akasema. "Wacha, bana. Kuku watakura hiyo."

"Eeh," akasema, akaendelea kuokota.

Nyanya aliketi chini pia. Tukaokota watatu. Tulipoondoka alinifungia viazi vitamu kwenye gazeti, akaniambia nimshike vizuri huyo mzee. Nilimwambia nitamshika.

Lakini habari husafiri haraka kuliko lori. Mahindi yalipomaliza kuvunwa, shemeji akaja na mtu wake wa Kamukuywa, baba wa makamo mwenye kofia ya sufu na mikono iliyojaa makovu ya spana. Siku hiyo lori lilikuwa nyumbani, nimeliosha matope asubuhi.

"Shemeji, hukuikuta imesimama," nilianza kwa kelele. "Inafanya kazi. Tulikubaliana."

"Nimesikia vile inafanya kazi," shemeji akasema, wala hakupaza sauti. "Ati ulikanyaga mahindi ya watu Kamukuywa. Leo ni mahindi, kesho ni mtu. Utaua wewe na kaka yangu. Mimi sitaki kubeba yeye mara ya pili."

Alikuwa anasema kweli, na alikuwa na machozi karibu.

"Muulizeni mwenyewe," nikasema.

Shemeji akamshika kaka yake bega. "Kaka, huyu bwana achukue rori?"

"Eeh." Kichwa kikaitikia.

Sikumwambia shemeji amuulize kinyume chake. Nilichoka. Nilienda ndani nikaleta ufunguo, nikaubwaga kwenye kiganja cha yule baba kana kwamba unachoma.

Alipanda upande wa kulia, akaisikiliza injini, akakanyaga mafuta kidogo, akaridhika. Alitaka kulitoa mpaka njiani aone linavyokwenda. Mume wangu alikuwa amesimama upande wa kushoto, karibu na mlango wake wa siku hizi, mimi nyuma yake. Lori likaanza kusogea.

Mkongojo ukaanguka. *Pa!*

Lori likasimama palepale. Yule baba akachungulia. "Nani amenisimamisha?"

Shemeji alikuwa akitazama mkongojo chini, hajaelewa. Yule baba akangoja, akatia gia tena, lori likajivuta kidogo. *Pa!* Safari hii mume wangu alipiga mpaka akayumba, nikamdaka.

Injini ikazimwa. Yule baba alishuka bila haraka, akaja mpaka mbele ya mume wangu, akavua kofia.

"Mzee amesema simama," akamwambia shemeji. "Hii gari haiuzwi."

"Lakini si amesema eeh? Wewe umesikia!"

"Hiyo nimesikia. Lakini mimi ni mtu wa lori, bana. Nasikiza bodi." Akanirudishia ufunguo, akaomba maji ya kunywa.

Shemeji aliketi kwenye ile ndoo yake. Alimtazama kaka yake, kisha mkono wa kaka yake, na akalia kwa sauti kama mtoto. Kumbe muda wote ule alikuwa akiongea na mtu aliyezibwa mdomo, akidhani ameshamsikia.

Mimi sikulia. Nilikuwa bado na hofu yangu, ile ile. Amesema lisiuzwe, sawa. Hakusema liendeshwe na nani. Pengine alitaka likae nyuma ya jikoni, kuku walale chini yake, na awe na mahali pa kuangalia. Kama ndivyo, ilikuwa haki yake, na ilibidi nijue siku hiyohiyo kabla sijapata tena woga wa kuuliza.

Nilipanda upande wa kulia. Nikawasha. Sikumwita, sikumwambia neno, nilishika usukani nikatazama mbele. Nilisikia mlango wa kushoto ukifunguka, na sauti ya shemeji ikisema polepole, kaka, pole, inua mguu, na kumwona ameweka bega lake chini ya paja la kaka yake kama nilivyozoea kufanya mimi. Akamsukuma juu. Akampa mkongojo. Akafunga mlango.

Nilikanyaga klachi, nikatia gia ya kwanza, nikangoja. Kwa pembe ya jicho nilimwona akiteremsha kioo kwa mkono wa kushoto, akautoa nje.

Likaja kofi moja, na moyo ukafa.

Kisha likaja la pili, nikaachia klachi.